Maneno Kumi na Moja ya Daktari wa Ng'ombe

Maneno kumi na moja ya Kiingereza yamenigharimu shilingi elfu tatu na mia sita. Jogoo mmoja, ambaye soko la Muthara lingenipa elfu moja juu yake bila ubishi, na nauli ya kwenda Embu na kurudi mara mbili, elfu moja mia tatu kila safari. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta mahali pa kupunguza. Hakuna. Kila neno limenitoka mia tatu ishirini na saba na senti zake. Kwa bei hiyo ningepata gorogoro, lile kopo la kilo mbili, ya njahi iliyopepetwa, maharagwe meusi ya kwetu, na sijawahi kuona mtu akichekwa kwa sababu ya njahi.

Niliyanunua kwa sababu ya wivu. Naweka wazi mapema, msomaji asije akadhani nilikuwa natafuta elimu.

Mjukuu wangu wa miaka saba alianguka kutoka kwenye bembea ya shule huko Embu mjini, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Akafungwa plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole, wiki sita. Ni binti wa kwanza wa kijana wangu, na kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo ana jina langu. Baba yake humwita mami, na hata akimgombeza sauti hulainika njiani, maana nani atamfokea mama yake? Ukifuata mila sawasawa, aliyevunjika mguu ni mimi. Nilifunga safari kwenda kwao mtaa wa Majimbo nikitegemea kupokewa kama mgonjwa.

Nilipofika, nafasi ilikuwa imechukuliwa. Shosho mwingine, yaani bibi wa upande wa pili, mama yake mke wa kijana wangu, alikuwa ameketi kitandani kando ya mtoto, sweta ya bluu, miwani kifuani, chupa ya chai yake mwenyewe miguuni. Ni mwalimu mstaafu, analima majani chai kule Kianjokoma. Kutoka Kianjokoma hadi Embu mjini ni kama kuvuka barabara. Mimi kutoka Muthara, kule Meru, ni nusu ya siku. Hizo mbio hazikuwa za haki tangu mwanzo.

"Karibu, mkwe wangu," akaniambia, kama nyumba ni yake.

"Asante, mkwe wangu," nikamjibu, kama nimekubali.

Lazima nieleze habari ya lugha. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia, hasa kikihusu chakula, lakini anajibu kwa Kiingereza. Kimeru hajui hata cha kuombea maji. Shule yao ni Kiingereza, televisheni ni Kiingereza, hata paka wa pale anafukuzwa kwa Kiingereza na anatoka. Mimi Kiingereza changu ni cha sokoni: namba zote, kilo, dipositi, balansi. Ukitaka kuninyima balansi nitakuelewa kwa lugha yoyote. Lakini kumuuliza mgonjwa hali yake, hapo sina kitu ghalani.

Mwalimu alikuwa na ghala limejaa. Aliinama, akamuuliza polepole, "Is it a sharp pain or a dull pain, my love?"

Mtoto akafikiri, kama mnunuzi aliyetandaziwa vitambaa viwili. "Dull," akasema.

"And does it stay, or does it come and go?"

"It comes and goes."

Nikamvuta kijana wangu shati. "Wanasema nini?"

"Anamuuliza kama maumivu ni ya kuchoma ama ni yale ya kugonga polepole, mama. Na kama yanakaa ama yanaenda yakirudi."

Mimi nimezaa watoto watano na nimeanguka na gunia la maharagwe mgongoni. Sikujua maumivu yana saizi za kuchagua. Kwetu mguu unauma au hauumi. Na mtoto alikuwa anajibu vizuri, akiegemeza kichwa kwenye ile sweta ya bluu kidogo kidogo, kila swali kichwa kinasogea.

Nikaona nijitose. "Pole, mami," nikasema. Akatikisa kichwa huku macho yako kwenye televisheni. Nikatoa neno moja la pole la Kiingereza nililokuwa nalo, nikalisema kwa nguvu: "Sorry!"

Akanigeukia, na kwa upole kabisa akasema, "It's okay. You didn't push me."

Hilo nililielewa bila mkalimani: si mimi niliyemsukuma. Nyumba ikacheka. Mwalimu alicheka mkono ukiwa mdomoni, kile kicheko cha mtu aliyesahihisha madaftari mengi.

Siku hiyo nilihesabu. Mtoto aliita "Shosho" mara kumi na nne. Kumi na tatu zilikuwa za mwalimu. Nikarudia hesabu nikiwa jikoni: ile moja yangu ilikuwa ya kuniomba nisogee, nimeziba televisheni.

Tulipokunywa chai ndipo mke wa kijana wangu akasema jambo lenyewe. "Likizo yetu inaisha Jumapili ijayo. Tunahitaji mmoja wenu akae na mtoto mpaka plasta itoke. Chumba ni kimoja, kwa hivyo ni mmoja tu."

"Mimi niko," nikasema.

"Mimi pia niko," mwalimu akasema, kabla sijafunga mdomo.

Kijana wangu akakuna kichwa. Ni mtu wa ofisi, hapendi fujo. "Basi Jumapili tutamuuliza mami mwenyewe. Ni mguu wake."

Siku hizi mtu wa miaka saba ndiye mwenyekiti wa kikao. Nilitaka kumkumbusha kwamba mguu ni wangu pia, lakini mke wake alikuwa anatazama saa.

Huenda utauliza, mama mzima, mfanyabiashara, wiki chache za kupika uji na kuosha mtu zinakutoa jasho kwa nini? Nitakupa hesabu. Mtoto huyu namwona Krismasi, na pengine Aprili, siku mbili, siku tatu. Nimejumlisha tangu azaliwe: siku thelathini na moja. Nikajumlisha tena nikianzia mwisho, zikabaki thelathini na moja. Mwalimu humwona kila mwezi. Wiki tano zilizobaki za plasta ni siku thelathini na tano. Yaani kama angenichagua, ningekaa naye muda mrefu kuliko maisha yake yote. Nafasi kama hiyo haiji tena mpaka avunjike mguu wa pili, na hilo siwezi kuliomba, mimi ni Mkristo.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja. Mfanyabiashara akikosa bidhaa huenda kuitafuta kwa mwenye nayo, na swali lilikuwa nani pale Muthara ana Kiingereza cha ugonjwa. Muuguzi wa zahanati anacho, lakini foleni yake ni ndefu, na anatugombeza kwa Kimeru. Mchungaji anacho, lakini chake huanza kazi mtu akishakufa. Mwalimu wa shule ya jirani sikutaka. Nilikuwa nimeshiba walimu.

Akabaki daktari wa mifugo. Ng'ombe wangu ni wa gredi, wa damu ya kizungu, na ana kiburi cha gredi. Mimi nikimkamua hunipiga teke. Lakini daktari akija, hufanya hivi: husimama kando yake, huweka kiganja bapa juu ya mbavu, na hungoja. Hasemi kitu. Kisha hushika masikio, moja moja, kwenye shina, kusikia kama ni ya baridi. Halafu ndipo huanza kumsemesha Kiingereza, polepole, kama mtu anayemwaga maziwa. Na ng'ombe husimama. Nilijiambia, kama Kiingereza hiki kinamtuliza yule mnyama, mtoto mwenye mguu mmoja ndani ya plasta atakishinda vipi? Homa haiulizi mgonjwa ana miguu mingapi.

Alipokuja Jumanne nikamwambia shida yangu.

"Mama, Kiingereza cha nini sasa? Umeanza kuuza njahi ng'ambo?"

"Nataka cha ugonjwa. Cha kuonyesha mtu kwamba unamjali."

"Hicho ni ghali."

"Ghali kuliko sindano ya ng'ombe?"

"Sindano inaisha. Neno haliishi, utalitumia mpaka uingie kaburini."

Akataka jogoo na kuku tembe. Nikamwambia kwa tembe nategemea hotuba nzima na watu wapige makofi. Tukapatana kwenye jogoo, maneno kumi na mawili. Ugomvi ukaja kwenye kuhesabu. "How is your appetite," yaani hamu ya kula ikoje, yeye alihesabu maneno manne. Mimi nikasema ni swali moja, linaulizwa mara moja, linajibiwa mara moja, ni neno moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akakubali. Nikayaandika kwenye kipande cha katoni ya mafuta ya kupikia, kama yanavyosikika. Alipoondoka na jogoo wangu nikahesabu: kumi na moja. Nikahesabu tena: kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa "good morning", na hilo nilikuwa nalo tangu darasa la pili.

Siku nne nilichagua maharagwe huku nikiyasema. Neno moja, gorogoro moja. Wateja walidhani nimejiunga na kanisa jipya.

Jumapili nilifika Majimbo kabla ya saa saba. Mwalimu alikuwa palepale kitandani, sweta ya kijani sasa. Sikumsalimia mtoto kwa pupa kama mara ya kwanza. Niliketi upande wa pili, nikaweka kiganja bapa kwenye mbavu zake, nikangoja. Nikamshika sikio la kulia, kwenye shina. Kisha la kushoto.

Mtoto akaacha televisheni. Akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu avunjike.

"How is your appetite?" nikasema, polepole, kama maziwa.

"It's fine," akajibu, macho yamemtoka.

"Are you drinking plenty of water?"

"Yes."

"Any swelling?"

"A bit." Akanyoosha kidole kunionyesha vidole vya mguu vilivyochungulia kwenye plasta. Mimi. Alinionyesha mimi.

Mwalimu akaketi wima. Kuna raha fulani ambayo wachuuzi pekee wanaijua: mteja wa jirani anapovuka njia na kuja kuchungulia gunia lako. Niliisikia mpaka kwenye magoti. Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga duka. Lakini nilikuwa nimetumia maneno matatu, manane yalikuwa bado kwenye katoni, na yote nimeyalipia. Mimi si mtu wa kuacha bidhaa iliyolipiwa kwenye kaunta.

"Any discharge?"

Mke wa kijana wangu akakohoa.

"Is she chewing the cud?"

Hilo ni la kucheua. Kijana wangu akatazama dari.

"Is she standing on all four?"

"Shosho!" mtoto akapiga kelele. "I have two!"

"Steady, girl, steady," nikasema, maana ndilo lililofuata.

Akalia kama ng'ombe, mooo, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Akalia tena mooo. Mimi nikampiga kofi dogo la nyonga kama daktari anavyofanya, akazidi kucheka, plasta ikigonga ubao wa kitanda, na nikajua nimeshinda, nimeshinda kabisa. Kisha sauti ikabadilika. Kicheko kilikuwa kimeutikisa mguu. Uso ukakunjamana, machozi yakaja, ya kweli.

Mwalimu alikuwa amefika kabla sijaondoa mkono. "Breathe slowly, my love. Show me where. Is it the sharp one?" Mtoto akaitika kwa kichwa, na kichwa hicho hicho kikaenda moja kwa moja kwenye sweta ya kijani. Kutoka pale nilipoketi mpaka kwenye ile sweta ni mkono mmoja. Nilibaki nimeshika hewa.

Baadaye jikoni mwalimu akaniuliza kwa Kiswahili safi cha kufundishia, "Mkwe wangu, maneno haya ulipewa na nani?"

"Na daktari."

"Daktari wa nini?"

Nikatazama ukuta. "Anavaa gambuti," nikasema.

Hakucheka. Ningependelea acheke.

Mtoto alipoulizwa jioni hiyo, alisema sentensi ndefu. Kijana wangu akaanza kunitafsiria, nikamwambia aache, nimeelewa. Alimtaka Shosho wa Kianjokoma akae naye. Shosho wa Meru anamchekesha, na akicheka mguu unauma. Lakini nimpigie simu kila siku saa kumi na mbili, mguu ukishapumzika. Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga bidhaa kwenye rafu: wewe huku, wewe kule.

Nimezoea kupoteza biashara kwa sababu bidhaa yangu ni mbaya, au bei iko juu. Kuipoteza kwa sababu mteja ameipenda mpaka ikamuumiza, hiyo sikuwa nimewahi kuiona.

Nikarudi Muthara na nikaanza kupiga simu. Wiki ya kwanza, siku saba, nilimpata mtoto mara nne. Mara tatu mwalimu alishika simu. "Amelala, mkwe wangu." "Anaoga, mkwe wangu." "Yuko sawa kabisa, usijali." Nilisikia katuni ikicheka nyuma yake. Mtu anayeoga na katuni sijui ni mtu gani. Nikamuwazia mabaya, sitaficha. Nilimuwazia majani chai yake yanyeshewe mvua ya mawe. Halafu nikakumbuka kijana wangu hunywa chai hiyo, nikapunguza, nikaomba inyeshe upande mmoja wa shamba.

Wiki ya tatu mguu uliacha kuuma kwa kucheka. "Shosho, do the cow," mtoto alikuwa akisema hata kabla ya salamu. Nami nilisimama kando ya gunia, katikati ya watu wa soko wanaofunga, nikiuliza kwa sauti kama anacheua vizuri. Alinijibu kama ng'ombe. Siku moja aliniambia amekula "grass", yaani nyasi, bakuli mbili, na pembeni yake nikasikia mwalimu akisema ilikuwa sukuma wiki. Sauti ya mwalimu ilikuwa kavu. Niliipenda hiyo sauti. Usiku huo nililala vizuri.

Halafu juzi, Alhamisi mchana, mwalimu akanipigia mwenyewe.

Alinisalimia kwa taratibu zote. Akauliza mvua, akauliza maharagwe, akauliza hata ng'ombe. Nikajua anataka kitu. Mtu akiulizia ng'ombe wako kutoka Embu, shika mfuko.

"Mkwe wangu," akasema mwishowe, "mtoto haniambii kitu."

"Si unamuuliza kwa Kiingereza?"

"Namuuliza. Ananijibu kama mtihani. 'I am fine, thank you, Shosho.' Kila siku fine. Na jana nimemkuta analia chini ya blanketi. Amesikia plasta inakatwa na msumeno, anaogopa watamkata na mguu. Nimemwambia si hivyo. Nimemweleza yote. Unajua alinijibu nini?"

"Alijibu nini?"

"Kwamba atamuuliza daktari wa ng'ombe. Ndivyo anavyokuita."

Nilikaa juu ya gunia.

"Miaka thelathini na miwili nimefundisha," mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa ya ubao tena. "Nifundishe hayo maneno, mkwe. Yote. Na ile ya kushika masikio, unashika namna gani. Nitakutumia chai kilo tano. Kumi."

Miaka yangu yote sokoni sijawahi kusikia mtu akijipandishia bei mwenyewe. Ningepaswa kufurahi. Nilimwambia mtandao ni mbaya, nitampigia, nikakata.

Jioni hiyo saa kumi na mbili nilimwambia mtoto kwamba msumeno wa plasta hauna meno ya nyama, nilimuuliza daktari wangu, na kwamba nitamshika masikio wakati wote. "Promise?" akauliza. Nikasema "promise", neno la kuahidi ambalo halikuwa kwenye katoni, nililipata bure kwenye televisheni yake. Baada ya kukata simu ndipo nilipokumbuka kwamba niko Muthara.

Plasta inakatwa Jumanne. Nikimfundisha mwalimu, atakuwa na maumivu ya kuchoma, maumivu ya kugonga, na ng'ombe pia, na mimi nitabaki na jina tu. Nisipomfundisha, mtoto ataingia kwenye chumba cha msumeno na mtu mwenye maneno yote isipokuwa yale anayoyataka. Nikienda mwenyewe, Jumanne ndiyo siku ya soko kubwa, kitanda changu ni sakafu ya sebuleni, na itanibidi nisimame upande mmoja wa yule mtoto huku mwalimu amesimama upande wa pili, kila mmoja na sikio lake.

Nimepiga hesabu mara mbili na kila mara inanipa jibu tofauti, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyewahi kugawana mjukuu na mkwe wako: nimuuzie, nimpe bure, ama nifunge duka nipande gari? Niambie kabla ya Jumatatu jioni. Na kama utasema nimpe bure, tafadhali nieleze na sababu.